Noeli ya Familia ya Mmisionari: Barua za Wasomaji wa Bukavu na Majibu Yake

Majilio yanapokaribia, barua zinazoifikia safu hii kutoka Bukavu huwahusu zaidi wageni wanaoishi kati yetu kwa ajili ya Injili, na ndugu zetu waliotumwa mbali kwa ajili ya Injili hiyohiyo. Safari hii tumechagua barua nne. Tumezifupisha pale ilipobidi, tumeondoa majina ya watu na ya makanisa yao, na tumezijibu kwa kadiri ya nafasi tuliyopewa.

Jirani zetu walifunga geti usiku wa Noeli

*Mama Mshauri, amani kwako. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha akina mama katika kanisa letu hapa Ibanda. Karibu na kanisa inaishi familia ya wamisionari kutoka Uswidi: baba, mama na watoto watatu. Mwaka uliopita, tarehe 24 Desemba jioni, tuliwapelekea kuku wawili na mchele ili wapike kesho yake. Zamu, yaani mlinzi wao, alitufungulia geti, akatuambia kwamba familia iko mezani na haipokei wageni. Tulipopita tena siku ya Noeli yenyewe, baada ya ibada, tuliwakuta wamevaa nguo za kila siku, wanakula viporo. Akina mama wengine waliudhika sana. Wanasema watu hawa wanahubiri Noeli lakini hawaisherehekei, na tena wanatudharau. Mwaka huu tufanye nini?*

Mama mpendwa, familia hiyo iliisherehekea Noeli, na ninyi mliwafikia katikati ya sherehe yenyewe bila kujua. Kwa Waswidi, kilele cha sikukuu ni jioni ya tarehe 24. Ndipo meza kubwa hutandikwa, yenye nyama ya nguruwe iliyookwa, samaki wadogo waliolowekwa katika siki na sukari, na uji mzito wa wali uliopikwa kwa maziwa, ambamo hufichwa punje moja ya lozi. Atakayeikuta kinywani mwake huambiwa kwamba mwaka hautaisha kabla hajafunga ndoa. Baada ya chakula watoto hupewa zawadi, na katika nyumba za waumini husomwa sura ya 2 ya Injili ya Luka. Asubuhi ya tarehe 25, kungali giza, makanisa mengi huwa na ibada ya alfajiri, na watu wakitoka huko hurudi nyumbani kupumzika na kula kilichobaki jana. Kwa hiyo viporo mlivyoviona vilikuwa ndicho chakula cha siku hiyo kama walivyokizoea tangu utoto wao, na kwao havikuwa dalili ya umaskini wala ya uvivu.

Desturi ya kuanza sikukuu jioni ni ya kale sana. Kanisa la zamani liliihesabu siku tangu jua linapozama, kama sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo inavyotaja jioni kabla ya asubuhi, na sisi tunaosema Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa, kwa kuwa wazee wetu nao waliuhesabu usiku kuwa mwanzo wa siku inayofuata. Kwa hesabu hiyo, jioni ya 24 tayari ni Noeli.

Tena Noeli yao ni ndefu kuliko yetu. Huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, wanapowasha mshumaa mmoja, kisha miwili, kisha mitatu, hadi minne, huku nyota ya karatasi yenye taa ikining'inizwa dirishani. Tarehe 13 Desemba ni siku ya Lucia: binti mmoja huvaa kanzu nyeupe na taji ya mishumaa, huwatangulia wenzake wakiimba gizani kabla ya mapambazuko, na watu hula mikate midogo ya rangi ya manjano iliyotiwa zafarani. Mambo hayo huendelea hadi tarehe 13 Januari, ndipo mti wa Noeli hutolewa nje. Yote hayo familia ile huyafanya ndani ya lupango lao, yaani ua wa nyumba yao, hapa Ibanda, pengine kwa tawi la msonobari lililokatwa Muhumba na bila zafarani, wakati sisi tunapita barabarani tukidhani kwamba hakuna kinachoendelea.

Nikija kwenye suala la geti, ninaelewa maumivu yenu na sitayapunguza. Kwetu mtu anayebisha hodi siku ya sikukuu akiwa na kuku mkononi hafukuzwi; hata nyumba yenye msiba hupata mtu wa kutoka nje, kumpokea na kumshukuru. Kwa Waswidi, hata hivyo, jioni ile ni ya watu wa nyumba na walioalikwa tangu mapema, na ndugu wa damu ambaye hakualikwa hangefika bila taarifa. Zamu alitii agizo alilopewa, na waliompa agizo hilo hawakufikiria kwamba ninyi ndio mngekuja. Hata hivyo, mtu aliyekuja kuishi Bukavu ili awe ndugu wa watu wa Bukavu anapaswa kujifunza jinsi mlango unavyofunguliwa Bukavu, na hilo wanahitaji kuambiwa na mtu anayewapenda. Wasipoambiwa wataishi hapa miaka mingi wakidhani kwamba tunawaheshimu kwa kutokuwatembelea.

Nendeni kwao sasa, ndani ya Majilio, watu wawili tu, wewe na mama mmoja mwenye busara. Msiende kama ujumbe wa kikundi kizima, kwa sababu mgeni akiona watu ishirini uani hufikiri kuna mashtaka. Mwambieni mama wa nyumba, bila kuzunguka, jinsi mlivyojisikia mwaka jana, kisha mwulizeni jinsi wanavyosherehekea kwao na msikilize hadi amalize. Pendekezeni kwamba jioni ya 24 ibaki yao, na kwamba tarehe 25 baada ya ibada mtafika ninyi, nao watakuwa wamevaa vizuri na kuandaa chai na mikate. Nadhani watafurahi kupita mnavyotazamia, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ambayo nyumba yao huwa kimya na watoto huanza kumkumbuka bibi yao.

Pelekeni chakula kilichopikwa. Kuku hai wawili wanaofika saa moja usiku ni heshima kwetu, lakini kwa mama asiyejua kuchinja wala kunyonyoa ni kazi nzito katikati ya karamu. Sombe (majani ya muhogo) iliyoiva vizuri, bugali la moto na sambaza, wale samaki wadogo, wa kukaanga vitaliwa palepale, mkiwa mmekaa pamoja. Na kama binti yao mkubwa anaijua Lucia, mwombeni aje kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Watoto wa wamisionari hufundishwa mambo mengi na wenyeji na ni mara chache kuombwa kufundisha, ilhali mtoto anayeombwa kufundisha hujisikia yuko kwao.

Nalinda geti kila Noeli

*Mama Mshauri, mimi ni zamu katika nyumba ya wamisionari na ninaishi Kadutu. Miaka miwili mfululizo nimekuwa getini usiku wa 24 na mchana wa 25. Wanatupa zawadi nzuri, mchele, mafuta na sabuni, na siwalaumu kwa lolote. Lakini watoto wangu hawanioni siku ya Noeli. Naogopa kuomba ruhusa nisionekane mtu asiye na shukrani.*

Ndugu yangu, omba. Tarehe 25 Desemba ni sikukuu ya taifa katika nchi yetu, na baba anayetaka kukaa na watoto wake siku hiyo haombi upendeleo. Omba mapema, wiki mbili au tatu kabla, na uende na pendekezo mkononi, kwa sababu mwajiri hukubali upesi zaidi anapoona kwamba geti halitabaki wazi. Kama kuna zamu mwenzako ambaye ni Mwislamu, mwombe achukue siku hiyo, nawe umshikie siku ya Idi. Kama ninyi wawili ni Wakristo, gawaneni siku: mmoja ashike hadi saa sita mchana na mwingine baada ya hapo, na mwaka unaofuata mbadilishane.

Nina neno pia kwa familia za wamisionari zinazosoma safu hii. Kama karamu yenu ni ya jioni ya 24, basi tarehe 25 mnaweza kufungua geti wenyewe. Mfuko wa mchele ni kitu chema, na watoto wa Kadutu wataula kwa furaha, lakini wangekuwa na furaha zaidi kama ungeletwa na baba yao, akaketi nao. Hilo linamhusu mpishi vilevile. Kumwita afike asubuhi ya Noeli ili apashe viporo moto si jambo la lazima, na siamini kwamba kuna nyumba ambayo haiwezi kujipikia siku moja.

Nilitandika meza, hakuja hata mtu mmoja

*Mama yetu, ninakuandikia kutoka Uswidi. Mimi na mume wangu, ambaye ni mchungaji, tulitumwa na kanisa letu la Bukavu kufanya kazi na kanisa la huku, hasa kati ya wahamiaji. Tuna watoto wanne. Noeli yetu ya kwanza ilikuwa ya machozi. Nilipika tangu usiku, nikatandika meza ya watu wengi kama tulivyozoea nyumbani, na siku nzima ya tarehe 25 hakuna aliyebisha hodi. Jua lilizama kabla ya saa tisa alasiri. Binti yangu mwenye miaka kumi na mmoja alisema hataki tena kuitwa mtoto wa misheni, kwa kuwa huku si kwao na Bukavu wameanza kumsahau. Mume wangu anasema tuvumilie kwa ajili ya kazi ya Mungu. Noeli ya pili inakuja na ninaiogopa.*

Mama Mchungaji, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya mwezi huu, na ninataka kukujibu polepole.

Jambo unalopitia ni la zamani katika kazi hii, na limepita kwa njia ileile uliyopita wewe, kwa upande wa pili. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika upande wetu wa Kongo mwaka 1921, wakaanzia maeneo ya Uvira, na miongoni mwao kulikuwa na familia zenye watoto wadogo. Njia ya kawaida ya wasafiri wa wakati ule ilikuwa meli hadi pwani ya Afrika Mashariki, kisha reli ya kutoka Dar es Salaam, iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha chombo cha kuvuka Ziwa Tanganyika, na baada ya hapo ni miguu. Barua ilichukua wiki nyingi, kwa hiyo salamu za Noeli ziliandikwa kabla mvua hazijakolea, na majibu yalisomwa Noeli ikiwa imekwisha kusahaulika. Akina mama wale walikaa jioni ya 24 mahali ambapo hapakuwa na theluji wala msonobari, wala jirani aliyejua kwamba ni sikukuu. Nakutajia hayo ili ujue kwamba upweke wako hautokani na imani haba. Mtu asiyatumie kukunyamazisha, na mumeo pia asiyatumie.

Tuanze na meza. Majirani zako hawakukukataa. Hawakujua kwamba wanangojewa. Siku ya 25 huko ni siku tulivu kupita zote za mwaka, mitaa huwa mitupu, maduka mengi hufungwa au hufunguliwa kwa saa chache, na mtu mwenye adabu hawaendei watu nyumbani mwao bila kualikwa. Kinachofanya nyumba ya Bukavu ijae siku hiyo, yaani ile hodi isiyo na taarifa, huko kinahesabiwa kuwa usumbufu. Kwa hiyo mwaka huu usingoje hodi. Alika, tena alika kwa namna yao: taja siku, taja saa ya kuanza na hata saa ya kumaliza, na ufanye hivyo tangu mwishoni mwa Novemba, kwa sababu Desemba ikifika kila mtu amekwisha kupanga siku zake. Usichague jioni ya 24, maana hiyo hutapata mtu. Chagua mchana wa 25, au tarehe 26 ambayo nayo ni siku ya mapumziko kule, au tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, ambayo Waswidi bado hupumzika wakati sisi Bukavu tumekwisha kurudi kazini.

Katika kualika, angalia kwanza wale ambao hawana meza. Mume wako anafanya kazi kati ya wahamiaji, na kati yao kuna vijana waliofika peke yao, wanafunzi wasio na nauli ya kwenda kwao, na akina mama wanaolea watoto bila ndugu karibu. Kisha waulize wazee wa kanisa swali moja: ni nani hapa aliyewahi kuishi Kongo? Katika makanisa ya Kipentekoste ya Uswidi wamo wazee waliotumia miaka yao ya nguvu Uvira, Lemera na Bukavu, waliozaa watoto wao kwetu, na ambao Kiswahili bado kimo vinywani mwao ingawa hawana wa kusema naye. Mtu wa namna hiyo akipokea mwaliko wa kula bugali siku ya Noeli hatakataa. Atakuja kabla ya wakati, na watoto wako watamsikia mzee mweupe akieleza barabara ya kushuka Kamanyola kana kwamba aliipita jana. Ninalitilia mkazo jambo hili kuliko mengine yote katika jibu langu.

Chakula kisikutese. Katika miji mikubwa kuna maduka ya Waafrika na ya Waasia yanayouza sombe iliyogandishwa, na unga wa mahindi hupatikana. Nyama ya mbuzi ni shida zaidi, lakini ya kondoo itatosha. Usijaribu kulirudisha soko letu la Nyawera zima mezani. Pika vitu viwili vitatu vya nyumbani kwa uzuri wako wote, na uongeze ule uji wao wenye lozi, kwa kuwa watoto wako wamekwisha kuujua shuleni na watataka kuwa na wenzao katika hilo.

Kuhusu giza, Stockholm mwishoni mwa Desemba hupata mwanga wa jua kwa muda wa saa sita hivi kwa siku, na kaskazini zaidi hali ni ngumu kuliko hiyo. Kwetu tulio karibu na ikweta jua hukaa angani saa kumi na mbili mwaka mzima. Mwili wako haukulelewa kwa giza hilo, na huzuni yako nyingine inatoka huko tu. Toka nje kila siku saa sita mchana, hata kukiwa na baridi, na uwatoe watoto. Taa na mishumaa wanayoweka madirishani si pambo la bure. Wameishi na giza hilo tangu mababu, na dirisha lako nalo liwake. Kama huzuni haikupungui hata jua linaporudi, mwone daktari, na mtu yeyote asikwambie kwamba mke wa mchungaji hapaswi kumwona.

Sasa binti yako. Ruth Hill Useem, mwanasosholojia Mmarekani aliyeishi India na familia yake katika miaka ya 1950, aliwachunguza watoto wanaokulia katika nchi isiyo ya wazazi wao, akaona kwamba hawawi kamili wa utamaduni wa kwao wala wa ule wa ugenini, bali hujijengea wa tatu, unaofanana na wa watoto wengine waliolelewa hivyohivyo. Binti yako amelieleza jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe, tena kwa ufasaha. Usimjibu kwamba hakosi kitu. Amepoteza vitu vya kweli: bibi, binamu, marafiki wa shule, mbwembwe za kuvaa nguo mpya ya Noeli na kutembea barabarani ionekane. Mwache alie, na ulie naye ukitaka. Usilipeleke neno lake katika barua ya taarifa ya misheni ili wafadhili waguswe. Neno hilo ni lake, na mtoto anayesikia machozi yake yakisomwa kanisani hatalia tena mbele yako.

Mpe pia kitu cha kushika. Mshonee nguo ya kikwembe, yaani kitenge, kwa ajili ya Noeli, hata kama itavaliwa chini ya koti zito. Panga simu ya video na Bukavu wakati binamu wote wamekusanyika, na isiwe usiku wa manane bibi akiwa amechoka. Wakati wa baridi saa ya Uswidi ni sawa na ya Kinshasa, yaani iko nyuma ya Bukavu kwa saa moja, kwa hiyo mkipiga saa kumi jioni ya huko, Bukavu ni saa kumi na moja, watu wametoka kula na bado kuna mwanga wa kuona nyuso. Mwache azungumze na bibi yake peke yake, bila wewe kumwekea maneno mdomoni.

Kwa Baba Mchungaji ninasema hivi, kwa heshima. Desemba kila mtu atakuhitaji: kuna ibada, kuna wafungwa wa kutembelewa, kuna mhamiaji aliyenyimwa karatasi wiki ileile. Andika katika kalenda yako saa za nyumba yako kama unavyoandika saa za ibada, na mtu akizitaka mwambie kwamba zimechukuliwa. Kuvumilia ni neno jema, lakini mke wako hakukuuliza kama avumilie. Amekwambia kwamba ameumia, na Noeli ya pili itategemea sana utakavyomjibu.

Na kanisa la Bukavu lililoituma familia hii nalo lisikie. Waswidi walipowatuma watu wao kwetu, makutaniko ya kwao yaliwaandikia, yaliwatumia vifurushi na kuwaombea kwa majina, vizazi baada ya vizazi. Kumtuma mtu si kumsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Kamembe na kumpungia mkono. Kwaya na irekodi wimbo mmoja kwa ajili yao, watoto wa darasa la binti huyu wamtumie sauti zao kwa simu, wakimtaja jina, na mzee mmoja wa kanisa ampigie mchungaji wake tarehe 24 bila ajenda yoyote. Gharama yake ni ndogo kuliko ya maua ya madhabahuni.

Waliondoka wiki tatu kabla ya Noeli

*Mama Mshauri, familia ya wamisionari tuliyofanya nayo kazi kwa miaka sita iliitwa na waliowatuma irudi kwao kwa sababu ya usalama. Waliondoka kwa siku moja, wiki tatu kabla ya Noeli, wakati mama wa familia hiyo alikuwa anaifundisha kwaya yetu ya watoto. Sisi tumebaki. Baadhi yetu tuna hasira, kwa sababu wao walikuwa na mahali pa kukimbilia. Sasa wametutumia salamu za Noeli na hatujui tujibu nini.*

Ndugu zangu wa kwaya, hasira yenu ina msingi. Wao wana pasipoti inayofungua mipaka na ninyi hamna, na salamu nzuri ya Noeli haiwezi kulifunika jambo hilo. Lisemeni. Lakini liwekeni mahali pake: uamuzi wa kuondoka, kwa kawaida, hufanywa na shirika lililotuma, mara nyingi kwa saa chache, na mzazi mwenye watoto wadogo hupewa nafasi ndogo sana ya kubishana.

Sehemu hii ya nchi imeyaona hayo tangu zamani. Mwaka 1960 wamisionari wengi waliondoka. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, waliondoka tena, na baadhi ya waliobaki waliuawa. Wamisionari Waksaveri watatu kutoka Italia na padri mmoja wa hapa kwetu waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, Majilio yakianza, na Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, kazi ya miaka mingi ya Waswidi na Wakongo pamoja, ilivamiwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Nikiyatazama hayo siwezi kumwambia mzazi yeyote kwamba alikosa imani kwa kuwaondoa watoto wake, wala siwezi kuwaambia ninyi kwamba kubaki kwenu ni jambo dogo.

Vilevile kazi haikukoma walipoondoka. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa hapa Bukavu, alikuwa mkurugenzi wa Lemera ilipovamiwa. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ikaanzishwa hapa mjini chini ya uongozi wake, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Naye alianza na kile kilichobaki. Kwaya ya watoto imebaki na sauti zake zote, na kati yenu yupo anayezijua nyimbo hizo kwa moyo. Mpeni kazi hiyo wiki hii, endeleeni na mazoezi saa zilezile na mahali palepale, kwa kuwa watoto wamekwisha kupoteza mwalimu na hawapaswi kupoteza wimbo pia.

Kuhusu jibu, andikeni ukweli. Semeni kwamba mnashukuru kwa ile miaka sita, kwamba kuondoka kwao kuliwauma, kwamba wengine wana hasira na kwa nini. Ulizeni habari za watoto wao kwa majina, maana nao wako katika nyumba ya kuazima, wamevaa makoti ya binamu zao, na rafiki zao wote wako Bukavu. Msiwafariji kwa kusema kwamba mambo ni shwari kama si shwari. Na kama mngependa warudi siku moja, liandikeni wazi, kwa sababu watu walioondoka kwa namna ile huona aibu kuuliza. Barua iandikwe na wanakwaya wakubwa wenyewe, isomwe mbele ya waliokasirika kabla ya kutumwa, na wale wasiotaka kuitia sahihi mwaka huu wasilazimishwe.